Kujifunza Gitaa Ukubwani

Wahenga walisema, “Samaki mkunje angali mbichi.” Methali hiyo haikosi kutajwa kila mtu mzima asemapo kwamba ataka kujifunza jambo jipya. Mkulima wa miaka hamsini akitaka kujua kusoma, huambiwa hivyo. Karani aliyekaribia kustaafu akionekana amebeba gitaa, huambiwa hivyo tena kwa kicheko. Methali yenyewe ina kweli yake, wala hapana haja ya kuibishia. Lakini walioitunga walikuwa wakiwaonya wazazi wasichelewe kuwafunza watoto wao adabu na kazi. Hawakuitunga ili mzee akatazwe kutumia mikono aliyopewa na Mungu.

Tena methali hazisemi kwa sauti moja. Iko isemayo “Elimu haina mwisho,” na iko isemayo “Kawia ufike.” Mtu mzima ana hiari ya kuchagua ni ipi ataiweka moyoni, na uchaguzi huo wapasa ufanywe kwa akili, si kwa kuogopa kuchekwa.

Gitaa ni mfano mwema wa shauri hili, kwa kuwa ni chombo kisichositiri ujinga. Asiyejua kusoma aweza kulishika gazeti, akafunua kurasa moja moja, na walio karibu wasitambue kitu. Anayejifunza hesabu aweza kufuta kosa lake kabla mwingine hajaliona. Bali anayejifunza gitaa husikika mpaka nyumba ya tatu, na kila kosa lake lina sauti. Ndiyo maana watu wazima wengi hulitamani maisha yao yote na wasiliguse.

Wako pia wadhanio kwamba gitaa ni mali ya vijana, kwa sababu ndivyo lilivyojulikana tangu lilipoenea katika nchi hizi. Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, askari wengi walirudi makwao wakiwa wamezoea muziki wa nchi za mbali. Mmoja wa wapigaji waliopata sifa ni Fundi Konde, mtu wa pwani ya Kenya aliyezaliwa mwaka 1924 na kufariki mwaka 2000, ambaye wakati wa vita alikuwa katika kundi la kuwatumbuiza askari. Mwaka 1952 Bwana Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika akinasa nyimbo za wenyeji, alifika Jadotville katika Katanga, mji ambao sasa huitwa Likasi, akamnasa kijana aitwaye Mwenda Jean Bosco akipiga wimbo wa “Masanga.” Sahani za santuri za kijana huyo zilienea hata Kenya, na baadaye mwenyewe akafika Nairobi. Katika magharibi ya Kenya ukastawi upigaji uitwao omutibo, ambao George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, aliupatia jina kubwa. Katika upigaji huo gitaa moja hutosha, pamoja na mtu wa kugonga chupa ya soda ili kushika mwendo.

Sifa za watu hao ziliwajia wangali vijana. Dansi nazo zilikuwa za vijana, na mahali pa dansi hapakukosa pombe. Basi wazee wengi wakaliona gitaa kuwa chombo cha uhuni, na mzazi aliyemwona mwanawe nalo alishika kichwa. Mzee wa leo alitakaye hubeba lawama mbili: kwamba amechelewa, na kwamba amepotoka.

Yafaa basi kulitazama gitaa lenyewe na kuona ni nini hasa linalomdai mtu. Gitaa la kawaida lina nyuzi sita. Shingoni mwake mmetiwa vipande vyembamba vya chuma, na kidole cha mkono wa kushoto kikikandamiza uzi nyuma ya kipande kimoja, sehemu ya uzi inayolia hufupika na sauti hupanda. Mkono wa kuume hucharaza. Katika upigaji wa Mwenda Jean Bosco na wa wengi waliomfuata, kidole gumba huenda juu ya nyuzi nene kikishika mwendo, kama miguu ya mtu atembeaye, nacho kidole cha shahada huimba juu ya nyuzi nyembamba. Vidole viwili husikika kama watu wawili. Asikilizaye huona jambo hilo kuwa jepesi. Ajaribuye hugundua kwamba kidole gumba, kilichoishi miaka hamsini kikishika jembe na kalamu pamoja na wenziwe, hakijapata hata siku moja kuambiwa kifanye kazi peke yake.

Juma la kwanza ncha za vidole vya kushoto huuma kama zilizoungua. Baadaye huota sugu, na maumivu hupungua. Hapo mkulima hushangaa kidogo, kwa sababu mikono yake imejaa sugu za miaka mingi, lakini haziko mahali panapofaa. Jembe huziotesha kiganjani, na uzi huzitaka kwenye ncha za vidole. Hivyo mwenye mikono migumu huanza sawa na mwenye mikono laini.

Lakini maumivu ya vidole hayadumu. Taabu kubwa ya mtu mzima imo sikioni. Mtoto hasumbuliwi na ubaya wa sauti aitoayo, kwa kuwa hajui bado sauti nzuri ilivyo. Mtu mzima amesikiliza muziki mwema kwa miaka arobaini. Sikio lake limekwisha kuwa mwalimu mkali kabla mkono haujaingia darasa la kwanza. Apigapo, husikia wazi umbali uliopo baina ya alichokusudia na kilichotoka, na umbali huo humvunja moyo kuliko kicheko cha jirani.

Yatosha kuangalia habari za karani mmoja wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa katika magharibi ya Kenya. Alikuwa na miaka hamsini na minne, mtu wa kuheshimiwa, aliyepima kahawa ya watu kwenye mizani na kuandika hesabu zao bila kulalamikiwa. Gitaa lilimfikia kwa njia ya deni. Kijana mmoja aliyekopa kwake fedha za nauli ya kwenda mjini alimwachia gitaa lake kuwa rehani, wala hakurudi kulichukua. Likatundikwa ukutani karibu na kalenda, likakaa miaka miwili likiingia vumbi. Wageni walipouliza, karani alijibu kwamba ni amana ya mtu.

Siku moja alilitungua, akalipangusa, akalipeleka kwa fundi wa baiskeli wa sokoni litiwe nyuzi mpya, maana fundi yule alijulikana kuwa mpigaji hodari. Fundi alikuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja. Baba yake alikuwa mwanachama wa ushirika ule ule, na barua nyingi za baba huyo zilizokwenda serikalini ziliandikwa na karani. Karani aliuliza kama fundi aweza kumfundisha. Kijana alidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha alikubali, lakini alikataa kabisa kutaja malipo, kwa kuwa haikumpendeza kumtoza mtu wa rika la baba yake.

Mwezi wa kwanza ulipita bila faida. Kila jioni, baada ya kufunga ofisi, karani alikaa juu ya kigoda nyuma ya kibanda cha baiskeli akapiga aliyoonyeshwa, na kila alipomaliza kijana alisema, “Vizuri, mzee.” Karani alijua kwamba si vizuri. Sikio lake lilimwambia. Lakini kijana yule alilelewa vyema, na mtoto aliyelelewa vyema hamwambii mwenzi wa baba yake kwamba amekosea. Adabu ile iliyokuwa fahari ya nyumba zote mbili ikasimama katikati kama ukuta. Mmoja alizidi kukosea kwa sababu hakusahihishwa, na mwingine hakumsahihisha kwa sababu alimheshimu.

Mwishowe karani alilaza gitaa magotini, akasema, “Sikiliza, mwanangu. Barabarani mimi ni baba yako. Hapa kigodani wewe ndiwe mwalimu, na mimi ni mtoto wa shule. Mwalimu asiyesahihisha humwacha mtoto gizani.”

Kijana alitazama chini kwa kitambo. Kisha akajibu, “Basi, mzee, umekosea. Umekosea tangu siku ya kwanza. Kidole gumba chako kinalala.”

Wakacheka wote wawili, na masomo yakaanza siku hiyo. Kijana akakubali pia kulipwa, maana aliyekubali kazi ya ualimu hana sababu ya kukataa ujira wake.

Jambo zito zaidi lilitokea baadaye. Kijana alimwonyesha namna ya kuhamisha vidole vitatu kwa pamoja kutoka mahali pamoja mpaka pengine. Karani alijaribu mara kumi, mara ishirini, na vidole vikawa vinafika kimoja kimoja kama wageni waliochelewa arusi. Kijana, ambaye sasa alikuwa amezoea kusema kweli, alitamka bila ubaya wowote, “Lakini hili ni jepesi, mzee.”

Karani alihisi uso ukiwaka moto. Neno lile alilijua. Ndilo alilokuwa akimwambia binti yake wa darasa la tano kila jioni mezani, mtoto alipokwama kwenye hesabu za sehemu: “Jambo jepesi hivi!” Kwake hesabu zilikuwa nyepesi kweli, maana alizifanya kwa miaka thelathini. Alikuwa amesahau kwamba wepesi haukuwa ndani ya hesabu. Ulikuwa ndani ya ile miaka thelathini.

Usiku ule hakumhubiria mtu. Binti alipokwama, karani alifunika karatasi kwa kiganja akaacha wazi mstari wa kwanza tu, akasema waumalize huo. Walipoumaliza, akafunua wa pili. Mama wa mtoto alitazama asiseme neno. Baada ya majuma machache mtoto aliacha kulia mezani. Hakuwa wa kwanza darasani, lakini aliacha kuiogopa kalamu.

Katika kufunika karatasi namna ile, karani alifuata bila kujua kanuni ambayo wataalamu wameithibitisha kwa ndege wa usiku, yaani bundi. Katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, Profesa Eric Knudsen na wenziwe waliwavika bundi miwani isogezayo kila kitu upande, hata kikaonekana mahali kisipo. Bundi hutegemea macho na masikio pamoja, na miwani hiyo humvurugia mapatano ya viungo hivyo viwili. Bundi wachanga waliweza kuyalinganisha upya masikio na macho yao, lakini bundi wazima hawakuweza ila kidogo sana. Hapo mtu angesema kwamba methali ya samaki imeshinda. Lakini mwaka 2002 ilitangazwa habari nyingine. Bundi wazima wakivikwa kwanza miwani ya kupotosha kidogo, kisha ya kuzidi kidogo, na hivyo hivyo hatua kwa hatua, hujifunza zaidi sana kuliko wakitwishwa upotofu wote kwa mara moja. Ubongo wa mzima ulikataa gunia, ukakubali kibaba baada ya kibaba.

Habari hiyo ya bundi ilimpa moyo Bwana Gary Marcus, wakati huo mwalimu wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha New York, aliyeanza kujifunza gitaa akikaribia miaka 40, tena akijiona hana kipaji cha muziki. Alikwenda hata kwenye kambi ya muziki ya watoto, akapiga pamoja nao. Kitabu chake, Guitar Zero, kilitolewa mwaka 2012. Hakugeuka bingwa, lakini aliyekuwa hawezi alipata kuweza.

Kenya yenyewe ina shahidi mkubwa zaidi, ingawa chombo chake kilikuwa kalamu wala si gitaa. Baada ya karo za shule za msingi za serikali kuondolewa mwaka 2003, Mzee Kimani Ng'ang'a Maruge aliamua kwamba zamu yake imefika. Mwezi wa Januari mwaka 2004, akiwa na miaka 84, aliingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, akavaa sare ya shule kama watoto wengine. Alitaka kujisomea Biblia kwa macho yake mwenyewe. Mwaka 2005 alisafiri mpaka New York kuyaambia mataifa juu ya faida ya elimu ya bure, na alipofariki mwaka 2009 hapakuwa na mtu wa kumcheka tena. Yule aliyeweza kuketi darasani miongoni mwa watoto alikuwa amekwisha kuishinda aibu, na baada ya hapo herufi hazikuwa adui wa kutisha.

Hata hivyo, kweli isifichwe. Umri una bei yake. Mwaka 1995 wataalamu waliopima wapigaji wa vyombo vya nyuzi walionyesha kwamba sehemu ya ubongo inayovihudumia vidole vya mkono wa kushoto ni kubwa zaidi kwao kuliko kwa watu wengine, na kwamba tofauti hiyo huzidi kwa walioanza utotoni. Mtu aanzaye akiwa na miaka hamsini hatakuwa Fundi Konde. Vidole vyake vitakuwa vizito siku zote kidogo, na nyimbo za mbio zitampita. Anayemwahidi zaidi ya hayo amdanganya.

Lakini mtu mzima ana mali ambayo kijana hana, nayo ni kujua kungoja. Mche wa kahawa huchukua miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa, na katika muda huo hupaliliwa, hutiwa samadi na kupogolewa, bila kumpa mwenyewe hata senti moja. Mkulima hausemi mche kwamba hauna kipaji. Hushika zamu yake, akaamka kesho akaishika tena. Mtu aliyeweza kufanya hivyo shambani anao tayari uvumilivu unaotakiwa na nyuzi sita. Limsaidialo ni kuuhamisha uvumilivu huo kutoka shambani mpaka kigodani, wala asijidai mavuno katika mwezi wa kwanza.

Karani aliyetajwa alijifunza mwaka mmoja na nusu, akapata nyimbo mbili. Kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani aliombwa apige. Alianza vyema, akafika katikati, vidole vikasahau njia, akanyamaza. Watu walingoja. Ndipo mzee mmoja aliyekuwa ameketi pembeni akaokota chupa ya soda iliyo tupu na msumari, akagonga mwendo ule ule, taratibu, kama kwamba kimya kile kilikuwa sehemu ya wimbo. Karani akaingia tena juu ya mwendo huo, akaumaliza. Watu waliimba pamoja naye, na binti yake akaimba kwa sauti kuliko wote. Fundi wa baiskeli, aliyekuwa mlangoni, alisema baadaye kwamba kidole gumba hakikulala.

Basi mtu mzima atakaye kujifunza gitaa, au kusoma, au ufundi wowote, ana mambo machache ya kushika. Nusu saa kila siku yafaa kuliko saa nne za Jumapili, kwa kuwa mkono husahau upesi usipokumbushwa. Kabla ya kupiga, nyuzi zilinganishwe, maana gitaa lisilolingana humfundisha sikio uongo. Wimbo uchaguliwe mmoja, ule ambao mtu ameupenda kwa miaka mingi, ukatwe vipande vidogo, na kila kipande kipigwe polepole mpaka kikubali, ndipo kiunganishwe na kingine. Mwalimu atafutwe ajuaye, hata kama ana umri wa mjukuu, na siku ya kwanza apewe ruhusa ya kusema “umekosea” bila kuomba radhi. Mzee asipoitoa ruhusa hiyo kwa kinywa chake, hataipata elimu, kwa kuwa kijana mwenye adabu hawezi kuitwaa mwenyewe.

Na jambo la mwisho, masomo hayo yasifanywe kwa kujificha. Watoto wengi humjua baba kuwa mtu ajuaye tayari. Humwona akitoa amri, akipiga hesabu, akisahihisha, na hudhani kwamba alizaliwa hivyo, nao peke yao ndio wajinga wa nyumba. Wakimwona anakosea, anacheka, anarudia, na kesho anaketi tena mahali pale pale, wataelewa kwamba kutojua si aibu ya mtoto wala ya mzee. Nyumba iliyoelewa hivyo imepata faida, hata kama wimbo wenyewe haujatimia.